Sura ya Nne na Choo cha Mama

Mimi ndiye mtu aliyemzuia mama yake mzazi asijengewe choo. Sikukusudia. Nilikuwa nasoma.

Afadhali nieleze mwenyewe, maana ndugu zangu wameshakisimulia kisa hiki harusini na misibani, na kila kikisimuliwa mimi natoka mjinga zaidi ya mara iliyopita. Nilikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, nimevuka arobaini, nina kitambi na likizo ya masomo. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya masomo ya urithi, yaani elimu ya kutunza vitu vya kale visipotee. Masomo yenyewe ni ya miaka miwili. Mimi nilikuwa mwaka wa nne. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaanza kuniita Profesa, na wala si kwa heshima.

Nilirudi kukaa kwa Mama ili niandike tasnifu yangu kwa utulivu. Nyumba ile aliijenga marehemu baba, ambaye alikuwa fundi mwashi. Ni ya mwisho katika safu ya nyumba zinazofanana: veranda mbele, sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa nta, vyumba, kisha uwanja wa nyuma ambao nyumba zote za safu hiyo zinauchangia. Kwenye uwanja kuna bomba la maji na kamba za kuanikia nguo, na mwisho kabisa, ukishavuka kote huko na kushuka ngazi, ndiko viliko vyoo, kila nyumba na chake. Tumekulia hivyo, na hakuna aliyewahi kukiona choo chetu kuwa ni habari. Mpaka nilipokuja mimi na elimu yangu.

Sura tatu za kwanza za tasnifu niliziandika kwa kuwanukuu watu wenye akili na kuorodhesha vipimo vya nyumba yetu. Ya nne ilitakiwa iwe yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipokwama. Nilikula ng'ombe mzima, mkia ukanishinda. Msimamizi wangu, mama mmoja daktari wa falsafa mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikuwa akinirudishia kurasa zangu na swali lilelile pembeni: "Jambo lako liko wapi?" Ningelijua lilipo ningekuwa nimeshaliandika.

Asubuhi moja nilimkuta Mama kaketi mlango wa nyuma anachambua mchele. Nikaweka simu kwenye kigoda, nikabonyeza inase sauti.

"Mama, hebu nieleze. Uwanja huu una maana gani kwako?"

"Maana?"

"Yaani ukiuvuka, kwenda kule mwisho, unajisikiaje?"

"Nikienda chooni?"

"Tuseme ndiyo."

Mama aliitazama simu, akanitazama mimi. "Naona ni mbali, baba. Nikitoka tu, huyu ananisalimu. Nami nimebanwa. Nasimama namjibu. Sijamaliza, yule naye ananiuliza watoto hawajambo. Mpaka nifike huko, nimeshaulizwa habari za ukoo mzima." Akapuliza makapi. "Haya, andika unavyoona."

Basi nikaandika nilivyoona. Niliandika kwamba "mshiriki wa kwanza", ndiye Mama huyo, anauona umbali kati ya nyumba na choo kuwa ni "umbali wenye uhai, uliojaa salamu". Niliandika kwamba njia ya chooni ndiyo uti wa mgongo wa ujirani. Kwamba choo kuwa nje si upungufu wa ujenzi bali ni hekima. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, nikamalizia hivi: "Kukiingiza ndani choo hiki ni sawa na kuukata ulimi wa mtaa." Sentensi hiyo niliisoma kwa sauti, nikatembea chumbani, nikarudi nikaisoma tena. Nilijipongeza sana.

Msimamizi wangu naye alipagawa. Pembeni aliandika: "Hapa sasa!" Hakuishia hapo, alinishauri niipeleke sura hiyo ofisi ya mambo ya kale, iwe pendekezo la kuihifadhi safu nzima ya nyumba zetu. Nikaipeleka pamoja na zile tatu zilizotangulia, na kwenye pendekezo nikasisitiza masharti yawe makali, kwa sababu mtu akipata nafasi ya kuonekana msomi hajizuii. Ofisi ikakubali. Wakaja wakapigilia kibao cha shaba ukutani: eneo limehifadhiwa, hairuhusiwi kubomoa, kuongeza wala kuhamisha kitu bila kibali. Mama alifurahi mno. Alikuwa akikifuta kibao kile kila anapofuta madirisha, na kuwaambia wapita njia kwamba ni kazi ya mwanawe. Kichwa changu kilivimba kikakaribia kukosa mlango wa kupita.

Kisha mvua zikaanza.

Ngazi za kushukia chooni ziliota utelezi wa kijani. Mama alikuwa amenionya habari za ngazi hizo, nami nilimwahidi kuwa nikimaliza kupanga marejeo nitazisugua. Asubuhi hiyo nilikuwa chumbani napanga marejeo. Nilisikia ndoo kwanza, ikibiringika. Halafu nikasikia majirani wote wakipiga kelele kwa pamoja, ule ulimi wa mtaa niliouandika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa mimi, guu likavunjika la mkuu.

Daktari alisema mfupa umepata ufa, wafunge plasta. Akaongeza kuwa hata plasta ikitoka, magoti yale yamechoka. "Ngazi azisahau. Anahitaji choo cha kukaa, ndani ya nyumba, karibu na kitanda."

Kaka alikuja siku hiyohiyo. Yeye anakaa kwenye fleti upande wa pili wa mji, ghorofa ya juu, ina lifti na kila kitu. Alisimama miguuni pa kitanda cha Mama kama mwenyekiti wa kikao.

"Mama, unakuja kwangu."

"Kwako nikafanye nini?"

"Ukapumzike."

"Nimepumzika. Si unaniona nimelala?" Mama akajiinua kwa viwiko. "Nyumba hii kanijengea baba yenu. Nitatoka humu nimebebwa, na si kupelekwa kwenye lifti."

Kaka hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Sikiliza, Profesa. Choo kiingie ndani kabla hajatolewa plasta. Kisipoingia, namchukua, apende asipende. Sitaki kuja kumzika mama yangu kwa sababu ya ngazi."

Mama alinitazama tu, na katika kunitazama kule niliona kwamba ananiamini. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye kuliko maneno yote.

Fundi alikuja keshoye. Alizunguka nyumba, akagongagonga kuta, akasema choo kinaweza kukaa mahali pamoja tu, chumba kinachopakana na bomba na chumba cha Mama, yaani chumba changu. Nikahamisha meza na vitabu kwa moyo mkunjufu. Fundi alikuwa amepiga tindo mara chache tu, vumbi halijatua, pale mlangoni alipotokea afisa wa mambo ya kale, binti mmoja mwenye faili kwapani, yuko kwenye ukaguzi wa kawaida.

"Mwalimu! Ndiye wewe mwenyewe?" Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimeisoma tasnifu yako yote. Nimeirudia."

Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma. Mimi mwenyewe sura ya pili niliirukaruka. Kwa dakika nzima nilisahau kabisa kwa nini fundi yuko pale, nikasimama vumbini nachekacheka, namuuliza ameionaje nadharia.

"Nzuri sana," alisema. Halafu akaliona tundu ukutani, na uso wake ukabadilika. "Mwalimu, hii ni nini?"

"Choo. Cha mama yangu. Kavunjika mguu."

"Masikini, pole sana." Alionekana kusikitika kweli. "Lakini haiwezekani. Fundi, naomba usimame."

"Dada yangu, ni choo tu," nilisema.

"Si choo tu, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba si choo tu." Akafungua faili, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti safi, sauti ya mtu anayeheshimu anachokisoma: "Kukiingiza ndani choo hiki ni sawa na kuukata ulimi wa mtaa."

Fundi aliteremsha nyundo. "Nani kaandika upuuzi huo?"

Kutoka chumba cha pili, kitandani, sauti ya Mama ikapita kwenye tundu la ukuta: "Ulimi wa mtaa ndiyo nini?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekichimba kisima changu kwa tanbihi na marejeo, nikakiombea na kibao cha shaba. Afisa, kwa huruma, alinieleza njia iliyobaki, maana masharti niliyoyaomba mwenyewe yalizuia kibali cha choo. Kamati inaweza kuiondoa nyumba kwenye hifadhi, ila aliyeipendekeza aandike kwamba alikosea, kwamba nyumba haina thamani aliyoitaja. Kamati itakaa wiki ijayo. Plasta ya Mama ilikuwa imebakiza wiki chache tu kutolewa.

Niliona hilo ni jepesi. Kama kuna kitu shule imenifundisha, ni kuandika kwa uhakika jambo lolote, na kinyume chake. Siku hiyohiyo nilimaliza barua tamu kweli. Ilisema nyumba ni ya kawaida, haina upekee wowote. Ilisema aliyeijenga hakuwa fundi wa kutambulika. Kuonyesha udhaifu wa kazi yake nilitaja dirisha la chumba cha mbele, lililowekwa chini mno, karibu na magoti: "kosa la wazi la vipimo." Nikaichukua barua nikaenda kumsomea Mama nikijua atafurahi.

Nilisoma mpaka mwisho.

"Kosa la nani?" Mama aliuliza.

"La fundi."

"Fundi yupi?"

Hapo nikaanza kuhisi joto. "Mama, ni maneno ya barua tu. Ili wakubali."

"Dirisha lile lilikuwa juu kama mengine," Mama alisema. "Bibi yako alipoishiwa nguvu za kuinuka, alilazwa chumba kile. Baba yako akamuuliza, mama, unataka nini? Akasema anataka kuona watu wakipita. Basi. Baba yako akashinda siku nzima anavunja ukuta, peke yake, akalishusha dirisha mpaka usawa wa kitanda. Bibi yako kafa akiangalia njia." Akavuta shuka. "Mimi nilitaka choo. Sikukutuma umtukane baba yako."

Akageukia ukutani.

Nilitoka na barua yangu mkononi, nikakaa veranda. Niliona aibu, na sisemi aibu ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Dirisha lile nilikuwa nimelipima kwa mikono yangu. Limo kwenye sura ya pili, kwenye jedwali, pamoja na kimo chake na maelezo "si la kawaida". Nililala miguuni pa bibi yangu chini ya dirisha hilo nilipokuwa mdogo, na katika miaka yote ya kusomea urithi haikunijia hata mara moja kumuuliza mtu yeyote kwa nini liko pale lilipo. Nililia kidogo, nikijificha nyuma ya nguzo kwa sababu majirani wetu, kama nilivyoeleza kitaalamu, wanasalimia sana.

Nilipomaliza kulia nilichukua jedwali la sura ya pili, nikarudi chumbani. Mama alikuwa bado amenipa mgongo. Nikamwomba radhi. Nikamwuliza mlango uliozibwa kwa matofali kwenye korido ulizibwa lini. Akauambia ukuta kwamba ulizibwa dada zetu walipokuwa wakubwa, wapate chumba chao. Nikamwuliza habari za veranda, mbona upande mmoja ina mteremko badala ya ngazi. Akasema baba alipiga mteremko kwa ajili ya jirani mwenye fimbo aliyependa kuja kusikiliza redio. Nilipofika kwenye mlango wa jiko, alikuwa ameshanigeukia na ananielekeza kwa kidole. Hakuna kitu kwenye jedwali lile ambacho baba hakuwa amekivunja kwa ajili ya mtu. Barua nikaichana.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Afisa wangu alikuwepo na faili lake. Msimamizi wangu naye alikuwepo, maana ni mjumbe, na aliponiona aliniwekea tabasamu la mwalimu mwenye mwanafunzi mzuri. Nilisimama.

"Waheshimiwa," nilisema, "nyumba yetu ina thamani, na kibao kibaki. Ila sura ya nne ni ya uongo. Mama yangu aliniambia choo kiko mbali, mimi nikaandika kwamba anapapenda huko mbali. Nyumba ile baba yangu aliibadilisha kila mtu wake alipohitaji. Angekuwa hai, angekuwa ameshavunja ukuta, na wala asingekuja hapa kuomba."

Msimamizi alivua miwani ikaning'inia. "Unajua unachokifanya? Sura ya nne ndiyo tasnifu yako."

"Najua, Daktari."

"Ukiitoa, unabaki na nini?"

Nilifikiri kwa dhati. "Marejeo," nilisema.

Mtu mmoja alicheka, nadhani ni yule wa kuandika kumbukumbu za kikao. Afisa hakucheka. Alifungua faili na kusema kwamba yote niliyoyasema yamo kwenye jedwali la sura ya pili, badiliko moja baada ya jingine, isipokuwa mwandishi hakueleza yalifanywa kwa ajili ya nani. Aliyasema hayo kwa upole sana, kama mtu anayemtetea mwandishi. Kamati iliomba nitoke nje. Niliporudishwa, walikuwa wameruhusu choo cha ndani, kibao kibaki, na mle chumbani nisivunje zaidi ya ukuta mmoja. Msimamizi wangu alinifuata kwenye korido, akaniambia tasnifu haiwezi kutetewa mwaka huu na kwamba sura ya nne niianze upya. Hakuwa amekasirika, au labda alikuwa amekasirika na ana malezi mazuri.

Kaka alipopata habari alinipigia simu. "Mwaka wa tano! Profesa, utastaafu ukiwa mwanafunzi." Lakini Jumamosi alikuja mwenyewe, akapandisha suruali, akamsaidia fundi kubeba saruji, na habari za fleti hakuzitaja tena. Meza yangu ilihamia koridoni, karibu na mlango uliozibwa, mahali ambapo kila anayepita ananigonga kiwiko.

Siku Mama alipotolewa plasta tulimrudisha nyumbani tukiwa tumemshika huku na huku. Choo kilikuwa kimekauka rangi. Kilikuwa na sinki, vyuma vya kujishikia, na mlango wenye komeo kwa ndani. Mama alikiangalia. Akaigusa mikono yetu tuliyomshikia, maana yake tumwachie, akaingia, akafunga. Tukasikia komeo likiingia.

Tulisubiri koridoni, mimi, Kaka na fundi, tumejipanga kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Maji hayakusikika. Mlango haukufunguliwa. Fundi akaanza kuliangalia dari. Kaka alinikonyeza, akimaanisha gonga wewe, ndiye msomi. Nilikuwa nimeshaanza kuiona ile ndoo ikibiringika.

"Mama? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Maji hayatoki?" fundi akauliza kwa wasiwasi.

"Sijayafungulia."

Tukatazamana. "Sasa unafanya nini humo, Mama?"

"Nimekaa."

Halafu sauti yake ikaja tena, na ilikuwa imelowa, sauti ambayo sikuijua. "Tangu niolewe sijawahi kwenda chooni bila mtaa mzima kujua nakwenda chooni. Nikiwa na mimba zenu. Nikiwa naumwa tumbo. Siku niliyorudi kutoka kumzika baba yenu, nikitaka nilie peke yangu, nimevuka ule uwanja nikiitikia salamu. Hebu niacheni nikae. Nendeni zenu huko."

Fundi alikuwa wa kwanza kuondoka, kwa ncha za vidole. Mimi nilibaki nimeutazama ule mlango. Mwanamke huyu alinizaa humu ndani, nikamhoji, nikamnukuu, nikampa na namba, na sikujua kwamba kitu alichokuwa akikitamani miaka yote hiyo ni mlango wa kufunga. Kaka alinishika bega, safari hii hakuniita Profesa. Tukatoka veranda, tukavuta mlango wa mbele taratibu nyuma yetu, na jirani alipokuja kuuliza Mama anaendeleaje, tulimwambia hayupo.